Kamba ya Manila Hadi Lenana

Soli ya buti langu la kulia ilibanduka kwenye kile kinamasi kilichosimama kama ukuta, juu kidogo ya Met Station, kituo cha hali ya hewa, njia ya Naro Moru ya kupandia Mlima Kenya. Buti la kukodi. Mguu ulizama topeni hadi gotini, nikauvuta kwa mikono miwili, ukatoka na soli inaning'inia kama ulimi wa mbwa aliyekimbizwa. Mzee aliyetuongoza (simwiti kwa lile neno la Kizungu, maana vijana wakilitamka haraka linakuwa "gaidi") alicheka kwanza. Kisha akatoa kamba ya manila mfukoni, akaizungusha mara tatu, akaikaza kwa meno.

"Mwalimu, hiyo itakufikisha kileleni Lenana. Ya kurudi tutayajulia hukohuko."

Safari hii niliianzia Nairobi, kwenye jumba la Chama cha Wapanda Milima cha Kenya pale uwanja wa ndege wa Wilson, ambako mwenzangu wa kazini alinipeleka Jumanne moja jioni. Chama hicho kilianza maisha yake mwaka 1949, mwaka uleule mlima ulipotangazwa hifadhi ya taifa. Miongoni mwa waasisi alikuwamo Arthur Firmin, mpiga picha wa Nairobi, ambaye mwaka 1944 yeye na mwenzake Hicks walikuwa wameshafungua njia ya upande wa kaskazini kwenda Batian, kilele kirefu kuliko vyote vya mlima huu. Picha ukutani nilizitazama, lakini kilichonishika ni habari za vibanda vya wapandaji huko mlimani. Watu hawa walikuwa wakijenga. Nikataka kuviona.

Tulilala kambi ya Mackinder, kama mita 4,200, pimbi wakizunguka miguuni kama paka wa hotelini. Jina la kambi ni la Mwingereza Halford Mackinder, aliyefika Batian Septemba 1899 pamoja na waongozaji wake, Ollier na Brocherel. Jina linalobaki kwenye kibao ni moja. Msafara wake ulianza na Wazungu sita, Waswahili 66, Wakikuyu 96 na Wamasai wawili. Nilipomtajia Mzee hesabu hiyo, alikuna kidevu akauliza, "Na chakula cha watu wote hao kilibebwa na nani?" Akajijibu kwa kucheka.

Tuliondoka saa tisa usiku. Changarawe ya mteremko ule ina dharau: unapanda hatua mbili, inakurudisha moja. Kichwa kinagonga, chai ya tangawizi inakuja kooni, na buti langu linapiga makofi kila ninapokanyaga. Sikumbuki kitu kingine cha maana kwa saa tatu.

Tulipofika Austrian Hut, mita 4,790, Mzee alinielekeza tochi kwanza kwenye kibanda cha jirani, Top Hut, ambacho ni cha chama. Halafu akanisimulia ya Septemba 1970. Daktari kijana wa Austria, Gerd Judmaier, alianguka karibu na kilele cha Batian, akavunjika mguu vibaya. Wanachama wa Nairobi, watu wa maofisini na madarasani, walipanda kumtoa, na walikuwa hawajawahi kufanya uokoaji mgumu hivyo. Rubani wa helikopta, Jim Hastings, alianguka nayo akafa. Hatimaye kikosi kikaja kutoka Innsbruck, na yule kijana akashushwa akiwa hai baada ya zaidi ya wiki moja juu ya mwamba. Austrian Hut ikajengwa mwaka 1973 kama shukrani.

Mwaka huohuo wa 1970, miezi michache kabla ya ajali ile, mwanachama mmoja, Ian Howell, alijenga kibanda juu ya Nelion kwenyewe, kilele cha pili kwa urefu, mita 5,188. Vifaa viliangushwa kwa ndege kwenye barafu ya Lewis, naye akavipandisha peke yake, mwambani, mara 13. Mimi mfuko wa shajara na chupa mbili za maji ulikuwa umenishinda.

Jua lilichomoza tukiwa Lenana, mita 4,985. Hapa ndipo Kisoi Munyao alipopandisha bendera ya Kenya usiku wa uhuru, Desemba 1963. Nelion ilikuwa mbele yetu, nyeusi, na chini yake barafu ya Lewis imebaki kipande cha kijivu, kama shuka iliyofuliwa mno. Nilikitafuta kibanda cha Howell kwa macho, sikukiona. "Kipo," Mzee akasema. "Sanduku la bati tu. Watu wakizidi wanne wanaanza kugombana."

Kwenye kushuka tulipumzika tena Austrian Hut. Mbao za ndani zimechongwa majina kwa visu, ya watu wa nchi zote, na tarehe. Nilimwuliza Mzee kama lake lipo. Akatikisa kichwa, akapapasa ukuta karibu na mlango, akaweka kidole gumba kwenye fundo moja la mti.

"Baba alipandisha mbao hapa. Hili ndilo lililomchubua bega."

Sijui kama alikuwa anatania. Mafundo yote yanafanana. Nilikiweka kidole changu pale pia. Kisha akainama kulitazama buti langu, akasema manila imelegea, nikae nimpe mguu.