Jinsi nilivyotuliza waifai ya jengo letu Mji wa Kale
Kila baada ya Isha waifai yetu ilikuwa inakwama. Nikafungua programu ya kupima mawimbi kwenye simu: ruta (vifaa vya kurusha waifai) tisa, vilima vya rangi vimepandana. Sita ziko chaneli (njia ya mawimbi) ya 6, mbili ya 3, moja ya 8. Hizo za 3 na 8 ndizo mbaya zaidi, zinaingilia pande zote mbili. Kwenye gigahezi 2.4, bendi ya kawaida ya waifai, chaneli zisizogongana ni 1, 6 na 11.

Nikabisha hodi mlango kwa mlango. "Ingia mwanangu, itengeneze utakavyo," akasema bibi wa chini. Tukagawana chaneli hizo, ruta tatu tatu kwa kila moja, upana wa chaneli megahezi 20 badala ya 40 ili zisipandane. Gigahezi 5, bendi nyingine ya waifai, haipenyi vizuri kuta zetu za matumbawe. Nikaiachia televisheni ya sebuleni. Usiku ule binti yangu alimaliza somo bila picha kuganda.