Ami na roketi za Alaska

Ami yangu ni nahodha mstaafu. Habari za upepo huwezi kumdanganya.

Leo mchana hapa Raskazone nimemwonyesha kwenye simu video ya roketi za utafiti zinazorushwa Poker Flat, Alaska. Zikishapita kilomita 80 hivi kwenda juu, zinamwaga mvuke unaong'aa ukikutana na oksijeni. Kamera za chini zinaupiga picha kutoka sehemu mbalimbali, na wataalamu wanakokotoa upepo wa huko.

Mstari wa mvuke ulianza umenyooka. Mara ukapinda.
Ukajikunja.
Ukachanika vipande vipande.

Ami akaninyang'anya simu. Akarudisha nyuma. Akarudisha tena.

"Hiyo bahari imechafuka, mwanangu."

Wallahi hakukosea! Upepo ukigonga milima, hewa inapanda na kushuka, na wimbi linaanza safari ya kwenda juu. Kadiri hewa inavyokuwa nyepesi, wimbi linazidi kukua, mpaka linavunjika kama la kwenye mwamba.

Tulipogombana ni hapa: mawimbi hayo yanaendesha mzunguko wa hewa kiasi kwamba, kilomita 85 hivi juu ya ncha za dunia, baridi kali zaidi huja majira ya joto. Chini ya nyuzi -130!

"Jua halizami, baridi itoke wapi?"

Nimeeleza mpaka chai ikapoa: hewa inapandishwa, ikipanda inatanuka, ikitanuka inapoa. Amekataa katakata.

Walimu wa fizikia mliomo humu, mngemwelezaje mzee huyu?