Glasi ya divai na upindo wa kanga

Jioni hii, hapa Upanga, Dar es Salaam, tumemaliza zoezi letu la kwanza la Arsenic and Old Lace, tamthilia ya Joseph Kesselring iliyoonyeshwa Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, kwa mara ya kwanza mwaka 1941, ambayo tumeitafsiri kwa Kiswahili (na kazi hiyo ilitutoa jasho).

Ni kisa cha mashangazi wawili wa Brooklyn, wapole kupindukia, wanaowanywesha wazee wapweke divai yenye sumu wakiamini kwamba wanawahurumia.

Dada anayeigiza shangazi mmojawapo alipangusa ukingo wa glasi kwa upindo wa kanga, taratibu, kisha akamwambia mgeni, "Karibu baba, kunywa kidogo upoze koo."

Tulicheka.
Kisha ukumbi mzima ukanyamaza.

Ukimya ule ningali nao.

Ndugu zangu, mmewahi kucheka huku mwili ukiwasisimka? Niambieni.