Boti za Mokowe: majaribio yafika kwenye vidirisha vya onyo

Ukurasa wa kuagiza nafasi za boti kati ya Lamu na Mokowe tayari unajaribiwa kwa Python na Selenium, zana ya kuendesha kivinjari kwa msimbo. Awamu hii ni ya vidirisha vya JavaScript vinavyochomoza na kuziba ukurasa mzima.

`alert` inaarifu kuwa boti imejaa, `confirm` inauliza kama nafasi ifutwe, `prompt` inataka jina la abiria. Kabla ya kuandika chochote, jaribu kukikagua kidirisha kwa kubofya kulia. Kikikubali, hicho ni HTML tu na hutafutwa kwa `find_element`. Cha malipo kiko hivyo.

```
k = WebDriverWait(driver, 10).until(EC.alert_is_present())
assert "saa kumi na mbili" in k.text
k.accept()
```

Mpangilio huo (kusubiri kidirisha hadi sekunde 10, kusoma maandishi yake, kisha kukikubali) usivurugwe; `EC` ni kifupi cha `expected_conditions` ya Selenium. Ukishaita `accept()`, kidirisha hakipo tena, na kukisoma kunaleta `NoAlertPresentException`. Kosa hilohilo hutokea ukikimbilia `driver.switch_to.alert` mara tu baada ya kubofya, maana `confirm` ya hapa husubiri jibu la seva kwanza, na mtandao wa kisiwani una siku zake. `implicitly_wait` haisaidii, kazi yake ni kutafuta elementi za ukurasa. `time.sleep(5)` imefutwa kote: mtandao ukiwa mzuri inapoteza muda, ukizorota haitoshi.

Cha kuogopwa zaidi ni ukimya. Kwa kawaida kidirisha kilichosahaulika hukataliwa chenyewe, kisha amri iliyokikuta hurudisha `UnexpectedAlertPresentException`. Hapo angalau unajua. Ukiweka `unhandled_prompt_behavior` kuwa `dismiss`, kinakataliwa bila taarifa: nafasi haijafutwa, na jaribio linaloangalia kama ukurasa umefunguka tu linapita. Ndiyo maana mradi unatumia:

```
options.unhandled_prompt_behavior = "ignore"
```

Kidirisha hubaki wazi, amri hushindwa, na maandishi yake huingia kwenye ripoti. Picha ya skrini haipigiki wakati huo, kwa hiyo maandishi hayo ndiyo ushahidi. Funga kwa `quit()`. Amri ya `close()` hushindwa kidirisha kikiwa wazi.

Kwa `prompt`, ni `send_keys("Mwanakombo")` kisha `accept()`. Katika Chrome jina huenda lisionekane kisandukuni, ila linafika. Jaribu njia zote tatu: jina, kisanduku kitupu, na `dismiss()`. Ukighairi, JavaScript hupokea `null`, si maandishi matupu, na msimbo usiotofautisha hayo mawili unaweza kumkatia tiketi abiria anayeitwa “null”.