Kabila Langu Walilitafuta Chini ya Mwembe

Nilipokwenda kuchukua kitambulisho mwaka 1987 nilibeba kila karatasi niliyoambiwa nibebe: cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule, nakala ya kitambulisho cha baba, barua ya mzee wa mtaa. Kwetu Frere Town, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, vijana waliotutangulia walikuwa wameshatuonya kwamba karatasi si kitu. Kuna swali moja tu, na ukilijibu vibaya utarudi kesho na keshokutwa.

Wazee wa kuhoji walikaa kwenye benchi chini ya mwembe. Mbele yao karani na meza yake, fomu zimewekewa jiwe zisipeperuke. Foleni ilikuwa ndefu lakini ikienda upesi. Kijana Mgiriama aliulizwa babu zake ni wa wapi, akataja kijiji na ukoo kwa pumzi moja, akapita. Mwingine aliyetoka Nyanza aliambiwa akachukulie kwao, nauli atajua mwenyewe. Ikafika zamu yangu.

"Kabila?"

"Mimi ni wa Frere Town."

Karani akainua macho. "Nimekuuliza kabila, sikukuuliza washukia steji gani."

Foleni nzima ikaangua kicheko, na mimi nikacheka nao, maana kwa mtu wa matatu kwetu kweli ni steji tu: Kengeleni, unapiga bodi ya gari unashuka. Mnara wenyewe wenye kengele uko pale pale njia panda, na abiria wengi hupita chini yake bila kuutazama.

Mzee mmoja kwenye benchi akaniuliza kwa upole, "Kaya yenu ni ipi, mwanangu?" Alikuwa akinisaidia. Mmijikenda yeyote, awe Mgiriama au Mrabai, ana kaya anayoweza kuitaja, msitu ambao wazee wake walitoka. Sisi msitu hatuna. Nyuma yangu mtu akaninong'oneza, "Sema Mrabai, yaishe." Wenzangu kadhaa walikuwa wamesema hivyo na yakaisha, kwa kuwa Rabai nako kulikuwa na misheni ya watu kama sisi, na ni vigumu kwa karani kumtenganisha Mrabai wa kaya na Mrabai wa misheni. Sijui ni ukaidi wa umri ule au nini. Nilisema nitamleta babu yangu.

Afadhali nieleze hapa watu wetu walivyofika Frere Town. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar, akiwa amebanwa na Waingereza, alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa na kukataza biashara hiyo baharini. Aliyekuwa ametumwa kumshurutisha alikuwa Sir Bartle Frere. Manowari zikaanza kukamata majahazi, na swali likawa: hawa watu walioteremshwa wapelekwe wapi? Wamisionari wa CMS, chama cha misheni cha kanisa la Anglikana la Uingereza, wakamtuma Kasisi William Salter Price, ardhi ikanunuliwa ukingoni mwa bahari, na mwaka 1875 mji ukaanza, ukapewa jina la Frere. Price alikuwa ameishi Nasik kule India, ambako Waafrika waliokombolewa zamani walilelewa wakafundishwa ufundi, na baadhi yao ndio waliokuja kuwa walimu, maseremala na wahunzi wa mwanzo wa mji wetu. Kwa hiyo mji ulianza na watu ambao hakuna hata mmoja aliyezaliwa pale, na wengi hawakuelewana kwa lugha za mama zao. Kiswahili ndicho kilichowakutanisha, na kanisa.

Babu nilimkuta kibandani akiranda mbao. Nilipomweleza hakusema neno, aliweka randa chini, akaenda kuvaa koti lake la Jumapili, na alipotoka alikuwa amekumbatia Biblia ya familia ambayo sisi watoto hatukuruhusiwa kuigusa. Tulikwenda kwa miguu. Njiani alinung'unika mambo yake, hasa lile la chuo cha makasisi. Chuo hicho kilianzia Frere Town mwaka 1903, kikahamishiwa Limuru mwaka 1930, na Babu, aliyekuwa kijana siku hizo, hakusahau. "Walichukua chuo," alikuwa akisema, "wakatuachia kengele."

Chini ya mwembe alipewa kiti. Akafungua Biblia kwenye ukurasa ule mtupu wa mbele, na kwa mara ya kwanza nikauona kwa karibu. Wino ulikuwa umekuwa rangi ya kutu. Majina yalipangwa kwa mstari, kila moja na tarehe ya ubatizo, mengine yameandikwa kwa mwandiko wa madaha wa mtu aliyefundishwa kwa fimbo, mengine kwa herufi kubwa zilizoyumba. Jina la juu kabisa lilikuwa la babu yake Babu. Palipotakiwa jina la baba yake pamepigwa mstari. Palipotakiwa alikozaliwa, neno moja: *bara*.

Karani akaweka kidole pale. "Bara wapi?"

"Yeye mwenyewe angalijua, angalirudi," Babu akasema.

Hakucheka mtu. Babu aliendelea, na mengine sikuwa nimewahi kuyasikia. Babu yake alimkuta hai, mzee sana, akikaa kizingitini. Mzee huyo alitekwa akiwa mtoto asiyejua jina la mfalme wa kwao wala la mto. Alichokumbuka ni maji makubwa yasiyoonekana ng'ambo, na kwamba walikuwa wakiyanywa. Siku aliyofikishwa pwani alikimbilia bahari kwa kiu, akateka kwa viganja, akatema. Hilo ndilo alilowasimulia wajukuu, tena na tena, la kuyatema maji. Wakubwa wa misheni waliposikia habari ya ziwa walimhesabu Mnyasa, mtu wa Ziwa Nyasa, kama walivyowahesabu wengi wa upande ule, wawe ni wa kabila gani.

"Basi Mnyasa ni Mmalawi," karani akasema, na hapo nikaona kitambulisho kinayeyuka.

"Mmalawi amekuja lini?" Babu akauliza. "Mimi nimelipa ushuru wa daraja la kuelea tangu 1931 mpaka walipofungua hili la sasa mwaka 1980. Daraja lile nimelinunua mara ngapi?"

Hapo mzee wa pili kwenye benchi, Mswahili wa Kisauni, akaingilia kwa utani ambao haukuwa utani wote. Alisema sisi wa misheni tulikuwa na kengele ya kuwafukuza babu zake. Kila walipokuja kutafuta watu wao, kengele ikilia. Alisema neno *watu wao* bila kupepesa.

Kisa hicho nimesomeshwa shuleni kwa namna nyingine: kengele iliwekwa kuwatahadharisha watu kwamba jahazi la wauza watumwa limeonekana. Yule mzee alikuwa akizungumzia jambo la karibu zaidi, la watoro wa mashambani waliokimbilia misheni na mabwana zao wa Mombasa wakaja juu, hadi mwaka 1880 ikasemekana watauvamia mji. Mimi nadhani siku nyingi ililia kwa mambo ya kawaida tu: kazi, shule, sala, kulala. Misheni iliendeshwa kwa kengele, na haikuwa pepo. Mapema miaka hiyo ya 1880 msimamizi mmoja alijiletea kashfa kwa kuwacharaza watu viboko. Lakini si mambo ya kumwambia Babu akiwa amevaa koti.

"Walifukuzwa?" Babu akamgeukia. "Wakati wa Mackenzie mlilipwa!"

Mzee wa Kisauni akapiga goti lake, akacheka mpaka machozi. Na ni kweli. Mwaka 1888 George Mackenzie wa IBEA, kampuni ya biashara ya Waingereza, alikubali kuwalipa mabwana fidia, na watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa katika misheni za pwani, hasa Rabai, wakapewa hati za uhuru mwanzoni mwa 1889. Wazee wawili walisuluhishana kesi ya miaka 100 mbele ya karani ambaye alitaka tu kujaza kisanduku kimoja kabla ya saa ya chakula.

Aliyetuokoa ni yule wa kwanza, aliyeniuliza kaya. Alikuwa Mgiriama wa makamo, mtu wa maneno machache. Alisema kitanda anacholalia kilitengenezwa na Babu, na jeneza alilozikiwa mamake lilitengenezwa na Babu, na wakati wote huo hakuwahi kumuuliza kabila. "Sisi tulipokuja kuishi hapa tuliwakuta. Andika, bwana."

"Niandike nini sasa?"

"Andika alivyosema mwenyewe."

Karani aliandika Mnyasa, akalirudia kwa kalamu mara ya pili ili lisomeke, akanisukumia wino wa alama za vidole. Nilichovya vidole 10 kimoja kimoja. Babu alikuwa ameshafunga Biblia, anaongea na mzee wa Kisauni habari za bei ya mbao za mvule.

Miezi kadhaa baadaye kitambulisho kilitoka. Juu yake hakuna mahali palipoandikwa kabila. Yale yote yalikuwa ya fomu. Dada yangu alipofikisha miaka 18 hakutaka makelele, alisema Mrabai, akamaliza kabla jua halijapanda. Mdogo wetu wa mwisho aliandikwa Mgiriama, kwa kuwa karani wake hakumngoja amalize kueleza. Baba mmoja, mama mmoja, makabila matatu. Babu alipopewa habari hizo aliuliza tu kama huyo Mgiriama atakuja kumsaidia kuranda mbao Jumamosi.