Tromboni Zikingoja Zamu

Nilitoka Moshi nikiwa nimeshapuliza tromboni miaka mingi katika kundi la matarumbeta la usharika wetu. Tenzi tulizorithi kwa wamisionari wa Kijerumani hazimpi mpulizaji nafasi ya kupumzika: mnaanza pamoja, mnamaliza pamoja. Kwa hiyo chuoni Minnesota, mwalimu wa bendi alipotugawia noti za maandamano ya bibi harusi Elsa kwenda kanisani, kutoka opera (mchezo wa jukwaani unaoimbwa) ya Lohengrin ya Richard Wagner, nilishangaa kuona ukurasa wangu umejaa alama za kunyamaza.

Waliotuandalia muziki ule walikuwa wawili. Wagner aliutunga kwa ajili ya jukwaa, na opera ilipoonyeshwa mara ya kwanza mjini Weimar mwaka 1850, Franz Liszt ndiye aliyeiongoza; mtunzi mwenyewe alikuwa uhamishoni Uswisi kwa kushiriki maasi ya Dresden, na hakuiona opera yake hadi mwaka 1861. Kisha mwaka 1938 Lucien Cailliet, Mfaransa aliyepiga klarineti katika Philadelphia Orchestra, akaupanga kwa bendi isiyo na fidla hata moja.

Usiku wa onyesho nje kulikuwa na theluji. Fluti, obo na klarineti zilianza kwa sauti ndogo sana, sisi tromboni zetu zikiwa mapajani. Jirani yangu aliinua yake polepole, akaingiza pumzi ya moto ndani bila kutoa sauti. Shaba ikipoa, sauti hushuka. Nikafanya vivyo hivyo, mara baada ya mara, macho yangu kwa mwalimu. Wimbo ulikuwa unapanda hatua kwa hatua, kila kundi likiingia juu ya jingine, na mimi nilikuwa nausikia bila kuugusa. Katika miaka yangu yote ya kupuliza sikuwahi kupewa nafasi ya kusikiliza namna ile.

Zamu yetu ilipofika, mwalimu alifungua mikono miwili tu. Nilihisi sakafu ikitetemeka kwa tuba zilizokuwa nyuma yangu. Matoazi yakalia, na machozi yakanitoka huku napuliza.

Wiki iliyofuata nilikwenda maktaba kusikiliza opera nzima. Kumbe kwenye jukwaa maandamano hayafiki kwa amani: Ortrud, adui yake, anamzuia Elsa kwenye ngazi za kanisa na kumtia shaka juu ya mwanamume anayekwenda kufunga naye ndoa, asiyemjua hata jina. Mwishowe wanaingia kanisani, lakini shaka imeshaingia pamoja nao. Cailliet aliyaacha yote hayo, akamalizia kwa sauti kubwa ya bendi nzima. Wapenzi wa opera wana haki ya kuulilia mkasa ule, maana ndio unaosukuma hadithi mbele. Hata hivyo mimi nauchagua mwisho wa Cailliet, na ndio niliomwimbia kaka yangu kwenye simu usiku ule, sehemu ya tuba, ili aijaribu na wenzake usharikani.