Muhtasari umenitoa jasho

Riwaya yangu nimeiandika miaka mitatu. Kurasa 312.

Leo nimekaa tangu asubuhi naandika muhtasari wake wa kumpelekea mchapishaji, ukurasa mmoja tu. Jamani, afadhali ningeanza riwaya nyingine!

Maneno 500. Wakati uliopo, nafsi ya tatu, na mwisho unausema wazi.

Hapo kwenye mwisho ndipo niliponasa. Rasimu ya kwanza niliifunga na "Je, Zuhura atarudi nyumbani?" nikajiona fundi kweli. Kumbe hayo ni maneno ya jalada la nyuma. Mhariri hataki kutegwa, anataka kuona hadithi inaishia wapi.

Nikafuta. Nikaandika: "Zuhura anarudi, anakuta mlango umefungwa, anaondoka."

Nikabaki naitazama.

Sura tatu nilizolilia usiku, zote zimeingia kwenye maneno sita.

Na mjomba wake, yule mcheshi niliyempenda kuliko wote? Nimemtoa, wala hakuna kilichobomoka. Sasa nimeanza kumtilia shaka hata humo kitabuni.

Nyie mliowahi kuandika muhtasari, mliwaacha wangapi nje? Niambieni nisijione mkatili peke yangu.